GARY KILDALL: MNYONGE MNYONGENI, HAKI YAKE MPENI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimeitanguliza methali hii kwa sababu mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuwa gwiji katika fani yake, akabuni kitu ambacho matunda yake tunayatumia kila uchao, kisha akaiaga dunia huku sifa nyingi zikiwaendea wengine. Na hata pale jina lake linapotajwa, mara nyingi hutajwa kwa kicheko: eti ndiye yule aliyekuwa akirusha ndege siku bahati ilipombishia hodi. Jina lake ni Gary Kildall.

Hebu tuanze na jambo dogo. Wapenzi wasomaji, ukiwasha tarakilishi ya Windows katika maabara yoyote ile, utaona kwamba diski yake kuu inaitwa C. Je, umewahi kujiuliza A na B zilikwenda wapi? Mimi nilijiuliza nikiwa kidato cha kwanza, na kutafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwa Kildall. A na B yalikuwa majina ya vitundu viwili vya kutilia disketi, zile sahani laini zilizohifadhi kazi zamani. Diski ngumu ilipokuja ndani ya mashine, ikapewa herufi iliyofuata. Desturi hiyo ya kuziita diski kwa herufi iliingia katika tarakilishi ndogo kupitia mfumo wa Kildall ulioitwa CP/M. MS-DOS ikaiiga, Windows ikairithi, nasi tunaitumia bila kujua tuliazima kwa nani.

Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 katika mji wa Seattle, jimbo la Washington, nchini Marekani. Familia yao ilikuwa ya mabaharia na walimu. Waliendesha shule iliyofundisha manahodha namna ya kuongoza vyombo baharini, na Gary mwenyewe alifundisha humo kabla hajaingia chuo kikuu. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington akiwa na nia ya kuwa mwalimu wa hisabati. Huko ndiko alikoonana na tarakilishi, basi mapenzi yakaanza. Wakati huo mashine hizo zilikuwa kubwa kama makabati, zikijaza chumba kizima, na mwanafunzi alipanga foleni ili apate dakika zake chache.

Vita vya Vietnam vilipopamba moto, vijana wa Marekani waliitwa jeshini. Kildall alipata kutimiza wajibu wake kwa kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la wanamaji kilichoko Monterey, California. Nadhani hapa pana funzo la kwanza: mwalimu alibaki mwalimu hata alipovaa magwanda. Mwaka wa 1972 alipata shahada ya uzamifu katika sayansi ya tarakilishi, na mwaka uliofuata akachapisha utafiti ambao hadi leo wataalamu wa lugha za programu wanauenzi.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Mwaka wa 1971 kampuni ya Intel ilikuwa imetoa chipu iitwayo 4004, kitu kidogo kuliko ukucha ambacho kiliweza kufanya hesabu kama tarakilishi. Wengi walikiona kama kifaa cha kutia ndani ya vikokotozi na taa za barabarani. Kildall alikiona kwa jicho jingine. Alinunua chake, akaanza kukiandikia programu, na siku ambazo hakuwa na vipindi chuoni alikuwa akienda kuwafanyia Intel kazi ya ushauri. Aliwatungia lugha ya programu iitwayo PL/M, ili mafundi waache kuandika namba tupu.

Lakini kulikuwa na tatizo. Programu zilihifadhiwa katika kanda za karatasi zilizotobolewa matundu. Kanda hizo zilisomwa polepole, zilichanika, na ukikosea kidogo unaanza tena. Kildall alipata kitundu cha disketi ambacho kilikuwa kimekwisha chakaa kwa majaribio kiwandani. Kitundu alikuwa nacho, lakini hakikuwa na saketi ya kukiunganisha na tarakilishi. Kikakaa tu. Mwishowe rafiki yake John Torode, aliyekuwa fundi wa vifaa hivyo, akamtengenezea saketi hiyo, naye Kildall akaandika programu ya kuiongoza. Mwaka wa 1974, nyumbani kwake katika mji mdogo wa Pacific Grove, kitundu kikazunguka na mfumo ukaitikia. Hivyo ndivyo CP/M ilivyozaliwa: msimamizi mdogo anayepanga mafaili katika disketi, anayesikiliza unachoandika kwenye kibodi, na anayepakia programu ili ifanye kazi.

Intel waliichukua lugha ya PL/M, lakini CP/M hawakuitaka. Basi Kildall na mkewe Dorothy wakaanzisha kampuni yao wenyewe, ambayo baadaye iliitwa Digital Research. Yeye akishughulika na programu, bibi akishughulika na biashara. Waliuza mfumo kwa posta, kwa dola 70 hivi, kwa watu waliojiundia tarakilishi majumbani mwao. Mwaka wa 1977 kampuni ya Imsai ililipa dola 25,000 ili iruhusiwe kuuweka mfumo huo katika mashine zake. Mambo yakaanza kuwanyookea.

Hapa ningependa tutulie kidogo, kwa maana ndipo palipo na akili yenyewe ya Kildall, na watu wengi hupapita mbio wakikimbilia kisa cha ndege.

Zamani hizo kila kiwanda kilikuwa na mashine yake, kibodi yake, kioo chake na vitundu vyake vya disketi. Programu iliyoandikwa kwa mashine moja haikuweza kukanyaga katika mashine nyingine. Kila mashine mpya ilipotoka, kazi ilianza upya. Kildall alikata shauri kuugawa mfumo wake. Sehemu moja ilisikiliza amri za mtumiaji. Sehemu ya pili ilipanga mafaili. Hizo mbili hazikujua lolote kuhusu chuma kilichokuwa chini yake. Sehemu ya tatu, ndogo kabisa, aliyoiita BIOS, ndiyo peke yake iliyojua kibodi iko wapi na disketi inazungushwa vipi.

Mfano wake ni mchuuzi anayetembea vijiji vingi. Mchuuzi hawezi kujifunza njia zote za panya za kila kijiji. Lakini akiwa na mwenyeji mmoja katika kila kijiji, basi yeye atauza bidhaa zile zile kwa namna ile ile popote aendapo. Mwenyeji ndiye ajuaye mto unavukwa wapi. BIOS ilikuwa mwenyeji. Mwenye mashine mpya alihitaji kuandika sehemu hiyo ndogo tu, aiunganishe na zile mbili zilizokuwa tayari, kisha atumie programu iitwayo SYSGEN kuuandika mfumo mzima katika mizunguko ya kwanza ya disketi. Akishamaliza, programu zote za CP/M zilizokuwa madukani zilimfanyia kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kuandaa mashine mpya wakati huo.

Na kusasisha mfumo je? Toleo la 1.4 lilijua disketi za namna moja tu, zile kubwa za inchi 8. Disketi ndogo na diski ngumu zilipoanza kuenea, lingekuwa kazi bure. Mwaka wa 1979 Kildall akatoa toleo la 2, ambalo ndani yake vipimo vya diski viliwekwa katika jedwali ndani ya BIOS. Ukipata diski mpya, badilisha jedwali, basi! Hukuhitaji kubomoa nyumba ili kuongeza dirisha.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mambo ya Musa na Firauni. Wengine wetu tulianza darasa la kwanza mwaka wa 2016, wakati serikali ya Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Kila ukikichukua kishikwambi kipya au simu mpya, ukaiwasha, ukachagua lugha, ukaunganisha na mtandao, programu zako zikashuka na kufanya kazi kama kawaida, ujue kuna wenyeji wengi wadogo chini yake wanaoijua kamera ile, kioo kile na betri ile. Ndiyo sababu simu za kampuni mbalimbali hutumia mfumo mmoja wa Android. Na ndiyo sababu simu ya jirani yako inaweza kupata toleo jipya leo, nawe ukangoja miezi: mfumo wenyewe umekwisha kuwa tayari, lakini aliyeiunda simu yako hajamwandaa mwenyeji wake. Wakati mwingine hamwandai kamwe, na simu nzima ya mwili inaanza kuzeeka kabla ya siku zake. Katika maabara yetu tuliposaidiana kusasisha tarakilishi, mashine nzee mbili zilikubali mfumo mpya, lakini sauti ikapotea hadi tulipoipata programu ya kuiongoza. Wenzangu walilalamika. Mimi nilijua tu kwamba mwenyeji hayupo kijijini.

Turudi kwa Kildall. Kufikia mwaka wa 1981 CP/M ilikuwa ikitumika katika aina zipatazo 3,000 za tarakilishi. Hata Microsoft, waliokuja kuwa mahasimu wake, walikuwa wametoa mwaka wa 1980 kadi ya kutia ndani ya Apple II ili iweze kutumia CP/M. Aprili 1981 Adam Osborne akazindua Osborne 1, tarakilishi ya kwanza ya kubebwa iliyopata soko kubwa, nayo ilikuja na CP/M. Kubebwa kwenyewe kulikuwa kwa jasho, maana ilikuwa na uzito wa kilo 11, kioo chake kilikuwa cha inchi 5, na ilihitaji umeme wa ukutani. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64. Picha moja tu unayoipiga kwa simu siku hizi haiwezi kuenea humo! Lakini mtu aliinunua kwa dola 1,795, akaifungua, akatia disketi, akaanza kuandika barua na kupiga hesabu siku hiyo hiyo. Mwaka wa 1984 Epson wakatoa PX-8, yenye ukubwa wa karatasi ya A4, iliyotumia betri na iliyokuwa na CP/M ndani ya chipu zake. Vipakatalishi vya leo ni wajukuu wa mashine hizo.

Ama kweli, hakuna marefu yasiyo na ncha. Kampuni kubwa ya IBM iliamua mwaka wa 1980 kutengeneza tarakilishi yake ndogo, na ikatuma wajumbe Pacific Grove kuuliza habari za CP/M. Hapa ndipo kisa cha ndege kinapoanzia. Ni kweli kwamba asubuhi ile Kildall alikuwa angani. Lakini hakuwa akistarehe. Alikuwa amekwenda kumwona mteja kwa shughuli za kazi, akamwachia Dorothy wageni, jinsi ilivyokuwa desturi yao kwa kuwa bibi ndiye aliyeshika mikataba. Wajumbe walitaka mkataba wa kutunza siri utiwe sahihi kabla ya mazungumzo yoyote. Dorothy na wakili wao waliuona unambana sana mtu mmoja na kumwacha mwingine huru, wakasita. Yaliyofuata alasiri hiyo yanasimuliwa kwa namna tofauti na waliokuwepo, lakini tokeo ni moja: makubaliano hayakupatikana.

Katika mjadala wa chama chetu muhula wa pili, wengi walishikilia kwamba mtu huyo alijitakia. Nilisimama nikapinga, na leo napinga tena kwa kalamu. Ndege haikumponza Kildall. Kilichomponza ni kuchelewa, na wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa 1978 Intel walitoa chipu mpya, 8086, iliyofanya kazi kwa biti 16 badala ya 8. Programu za zamani hazikuweza kuingia humo moja kwa moja. Ilihitajika CP/M mpya, CP/M-86. Wenye mashine wakaingoja. Mwaka wa 1979 ukapita. Kampuni ya Kildall ilikuwa na kazi nyingine mezani, na yeye mwenyewe alikuwa amezama katika kutengeneza kitafsiri cha lugha ya PL/I. Karibu na mji ule ule wa Seattle alikozaliwa, kampuni ndogo iitwayo Seattle Computer Products ilikuwa ikiuza saketi za 8086 ambazo hazikuwa na mfumo wa kuziendesha. Mwaka wa 1980 kijana wao, Tim Paterson, akachoka kungoja, akaandika mfumo wake. Aliufanya upokee maombi ya programu kwa utaratibu kama wa CP/M, ili wenye programu za zamani waweze kuzihamisha kwa urahisi. Microsoft wakapata haki za mfumo huo, wakaununua kabisa Julai 1981 kwa dola 50,000, wakawapa IBM. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM PC ikatoka, na mfumo huo ndani yake.

Kildall alipouona alilalamika kwamba umefanana mno na wake. IBM wakakubali kuiuza CP/M-86 pia. Lo! Ilipofika madukani mwaka wa 1982, bei yake ilikuwa dola 240, na ya mwenzake dola 40. Mteja gani angesita? Mwenye macho haambiwi tazama.

Je, Paterson alikuwa mwizi? Sioni hivyo. Aliiandika programu yake mwenyewe, na sheria ya wakati huo ilikuwa bado haijaeleza vizuri mpaka wa kuiga uko wapi. Lakini ukimsifu mjenzi wa nyumba, usimsahau aliyechora ramani. Hilo tu ndilo ninalodai.

Na Kildall hakukunja mikono. Kuanzia mwaka wa 1983 hadi 1990 alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoitwa Computer Chronicles, akiwaeleza watu wa kawaida mashine hizi bila madaha. Ualimu ulikuwa haujamtoka. Mwaka wa 1985 kampuni yake ikatoa GEM, iliyowawezesha watumiaji wa IBM kufanya kazi kwa picha na kipanya. Mwaka huo huo, kampuni nyingine aliyoianzisha ilifanikisha kuitia ensaiklopidia ya Grolier katika diski moja ya CD-ROM, wakati ambapo wengi walijua diski hizo ni za muziki tu. Mwaka wa 1988 Digital Research wakaleta DR-DOS, wakaingia uwanjani kupambana na MS-DOS kwa silaha zake zenyewe. Mwaka wa 1991 kampuni ikauzwa kwa Novell, na Kildall akawa tajiri wa kutosha. Alikuwa na magari, pikipiki na ndege zake alizozipenda.

Lakini mali haikuuponya moyo. Ndoa yake na Dorothy ilikuwa imevunjika. Kila alikokwenda alikumbushwa kisa cha ndege, hata chuo chake cha zamani kilipomwalika, mgeni aliyesifiwa zaidi alikuwa mwingine. Miaka ya mwisho alishindana na pombe, jambo ambalo watoto wake wenyewe hawakulificha. Julai 1994 aliumia kichwani katika baa moja mjini Monterey, kwa namna ambayo haikubainika vizuri, na siku tatu baadaye, tarehe 11, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 52. Akazikwa Seattle, mji wake wa kuzaliwa.

Kabla ya kufa alikuwa ameandika kumbukumbu za maisha yake, akawagawia jamaa na marafiki wachache. Sehemu ya kumbukumbu hizo ilitolewa kwa umma mwaka wa 2016, miaka 22 baada ya kifo chake. Miaka miwili kabla ya hapo, taasisi ya wahandisi ya IEEE ilikuwa imeweka bamba la shaba Pacific Grove, mbele ya jengo lililokuwa makao ya Digital Research, ili kila apitaye ajue CP/M ilizaliwa katika mji ule. Haki ilichelewa, lakini ilifika.

Wanachama wenzangu, tujifunze nini? Kwanza, anayegawa kazi yake vizuri humrahisishia hata yule atakayekuja baada yake. Pili, ukiwa wa kwanza usilale. Wanaokungoja wana matumbo, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Tatu, tuwe waangalifu na visa vitamu. Kisa cha mtu aliyepoteza utajiri kwa sababu ya ndege ni kitamu kusimulia, lakini kinamnyima marehemu kazi ya miaka 20. Katika shule hii wapo wanaotengeneza, na wapo wanaosifiwa kwa kilichotengenezwa. Wakati wa kutoa zawadi ukifika, tutazame pande zote mbili za meza.

Mola akijalia, mwakani nitawaletea habari za Grace Hopper, yule mama wa jeshi la wanamaji aliyezifundisha tarakilishi lugha ya watu. Kwaherini kwa sasa, na kabla hujasasisha chochote, nakili kazi yako kwanza!